Pawasaplai ya kompyuta ya gemu: yanayosemwa Mwanjelwa na ukweli wake

Ukiingia Mwanjelwa, hapa Mbeya, na hela ya kuunda kompyuta ya gemu, mazungumzo yataanzia kwenye kadi ya grafiki, yatapita kwenye prosesa na RAM, yatasimama kidogo kwenye kesi yenye taa za rangi, halafu mwishoni kabisa, kuhusu pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, mtu atakwambia: "Pawasaplai chukua yoyote ya wati 500, zote ni zilezile." Mashine inaundwa, inawaka, inapigwa picha. Wiki mbili baadaye iko kwa fundi. Maneno ya aina hiyo yanazunguka sana huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Iringa, na mengi yana chembe ya ukweli ndani yake. Ndiyo maana hayafi.

"Wati 500 ni wati 500"

Hapana. Geuza pawasaplai usome stika ya ubavuni. Kuna jedwali dogo lenye mistari ya umeme unaotoka, +3.3V, +5V, +12V na mingineyo, na kila mmoja una ampea zake. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa wa mashine ya gemu, hula karibu chakula chao chote kwenye +12V. Kwa hiyo zidisha 12 kwa ampea za mstari huo. Pawasaplai ya kueleweka ya wati 550 itakupa ampea 45 hivi, yaani wati 540. Zile za bei ya chee, zenye "500W" kwa herufi kubwa za dhahabu, unaweza kukuta ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Zilizobaki zimetoka wapi? Nyingine zimejumlishwa kutoka 5V na 3.3V, ambazo mashine za leo hazizitumii sana, na nyingine ni maandishi tu. Kama stika ina +12V1 na +12V2, usijumlishe ampea zake kichwani. Tafuta jumla ya wati iliyoandikwa kwa ajili ya 12V zote kwa pamoja.

Sasa hesabu mashine yenyewe. Prosesa ya Core i5-12400F ikibanwa hufika wati 117. Kadi ya RTX 3060 ni wati 170. Mazabodi, RAM, SSD na feni zipe 60. Jumla ni kama 350. Nvidia kwa kadi hiyo wanapendekeza pawasaplai ya wati 550, na nafasi hiyo ya juu ina kazi yake. Kadi za siku hizi hazili umeme kwa utulivu: gemu likibadilika ghafla, kadi huvuta kwa muda mfupi mno kiasi kinachopita sana wastani wake. Ndiyo sababu kanuni za ATX 3.0 (viwango vya kuunda pawasaplai) za mwaka 2022 zinataka pawasaplai kubwa za kizazi hicho zihimili mvuto wa hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100.

Dalili ya pawasaplai iliyozidiwa ni rahisi kuitambua ukishaijua. Unaandika, unaangalia video, unashinda mtandaoni kutwa nzima bila tatizo. Ukifungua gemu zito, mashine inazima pa! Hakuna skrini ya buluu, hakuna ujumbe wa kosa, kiza tu. Wengi hapo hufuta Windows na kuiweka upya, kisha hulaumu gemu lenyewe.

Upande wa pili nao wapo: mtu ana RX 6600, kadi ya wati 132 ambayo AMD wanasema wati 450 zinatosha, halafu anauziwa pawasaplai ya 850 "kwa usalama". Haitamdhuru. Ila tofauti ile ya bei ingemnunulia SSD.

"Pawasaplai kubwa inamaliza Luku"

Pawasaplai ya wati 850 haivuti 850 muda wote. Huvuta kile mashine inachohitaji, pamoja na kinachopotea kama joto, basi. Kinachogusa Luku ni ufanisi. Chukua mashine inayohitaji wati 300 ikiwa kwenye gemu. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati 333. Yenye asilimia 80 itavuta 375. Ukicheza saa nne kila siku, tofauti kwa mwezi ni uniti 5. Si ya kukufilisi. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba mashine hiyo kwa saa hizo nne inakula uniti 40 hadi 45 kwa mwezi, na kama nyumba yenu iko kwenye kundi la D1, la wasiozidi uniti 75, mzee atajua kuna kitu kipya chumbani kwako kabla hujamwambia.

Hapo ndipo nembo ya 80 PLUS inapoingia, ile ya Bronze, Gold na wenzake, iliyoanza mwaka 2004. Watu huisoma kama daraja la uimara. Inapima ufanisi peke yake: kwa kipimo cha volti 115, pawasaplai ikiwa nusu ya mzigo wake, Bronze ni asilimia 85 na Gold ni 90. Haisemi ndani kuna kapasita (vihifadhi chaji) za namna gani wala kama kinga dhidi ya shoti inafanya kazi. Ni kweli kwamba anayetengeneza Gold kwa kawaida hakubahatisha, lakini stika ya Gold bila jina la mtengenezaji anayejulikana inachapishwa hata kwa kompyuta ya stesheneri.

"Huku kwetu ni baridi, yoyote itatosha"

Hii ni ya Nyanda za Juu hasa, na siwezi kuikataa yote. Juni na Julai chumba cha Mbeya au Njombe kinampoza mtu, sembuse kompyuta. Lakini Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, joto likiwa lilelile. Feni inasukuma hewa ileile kwa ujazo, ila inayobeba joto ni kidogo. Baridi inatupa, mwinuko unatutoza. Na hata ukiiweka kwenye friji, pawasaplai yenye ampea 18 itabaki na ampea 18.

Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa kuliko joto. Kama kesi ina matundu yenye chujio chini, feni ya pawasaplai iangalie chini, na kesi isikae juu ya zulia.

"Nina stabilaiza na UPS, pawasaplai haina haja ya kuwa nzuri"

Hapa ningependa watu wasimame zaidi, maana umeme wetu ndio unaoamua. Kwa kawaida ni volti 230 na hezi 50. Mtaa ulio mbali na transfoma, jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko, unaweza kupima soketi ukakuta 170. Rudi kwenye stika, sasa sehemu ya umeme unaoingia. Iliyoandikwa 100–240V kwa kawaida ina sakiti ya PFC, ya kurekebisha namna inavyovuta umeme, inayohimili kushuka huko: volti zikipungua inavuta ampea zaidi, na mashine haisikii kitu. Iliyoandikwa 200–240V tu inaomba umeme ambao jioni haupo. Kwa bei zinazokaribiana, mimi ningechukua ya 100–240V ya wati 550 nikaiacha ya 200–240V ya wati 650.

Za zamani, hasa zilizokuja na mitumba, zina swichi ndogo nyekundu mgongoni: 115 au 230. Kabla ya kuchomeka, chungulia inasoma nini. Ikiwa kwenye 115, sakiti ya kuingilia huongeza volti mara mbili, kwa sababu ilitarajia umeme wa Marekani. Kapasita mbili kubwa za ndani, ambazo mara nyingi ni za volti 200 kila moja, zinapigwa na zaidi ya 320. Utasikia mlio, utaona moshi, na nyumba nzima itakuuliza umefanya nini.

Stabilaiza nyingi za madukani zinatumia rilei, yaani swichi zinazojiendesha kwa umeme. Ule mlio wa "tak" unaousikia umeme unapopanda na kushuka ni rilei ikihama, na inapohama umeme unakatika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Pawasaplai nzuri ina akiba ya kuvuka pengo hilo. Mwongozo wa Intel unazungumzia takriban milisekunde 17, karibu wimbi moja la umeme wetu. Dhaifu haivuki, mashine inajiwasha upya, na mwenye nyumba anashangaa stabilaiza mpya imeleta ugonjwa mpya. UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, hali kadhalika. Ya VA 650 haibebi wati 650. Mara nyingi ni chini ya 400, na za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi-ngazi ambao baadhi ya pawasaplai zenye PFC huukataa. Matokeo yake, umeme unakatika na UPS inalia, lakini kompyuta imeshazima.

Kuhusu radi za Novemba hadi Aprili: hakuna pawasaplai ya kuaminiwa mbele ya radi. Chomoa ukutani, na waya wa intaneti pia.

"Kesi inanipiga shoti, pawasaplai mbovu"

Ukigusa chuma cha kesi, hasa ukiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji, unasikia kama sindano ndogo. Mara nyingi pawasaplai haina kosa. Ndani yake kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, zimeunganishwa na chuma cha kesi. Zinategemea waya wa eathi kupeleka chini kile kinachovuja. Nyumba isiyo na eathi, au ekstensheni yenye pini mbili, inaiacha kesi ikielea kwenye nusu ya volti za ukutani, kama 115, kwa mkondo mdogo sana. Mwite fundi umeme apime eathi ya nyumba. Ukibadilisha pawasaplai, mpya nayo itakupiga.

"OptiPlex ya mtumba, weka tu kadi"

OptiPlex ni kompyuta za ofisi za Dell. Kwa wanafunzi wengi, wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya) na wa Iringa, hii ndiyo njia ya kuingia kwenye gemu, na ni njia nzuri. Lakini mashine za ofisi hazikuundwa kwa kadi kubwa. OptiPlex 7010 ya mnara ina pawasaplai ya wati 275 na pini 24 za kawaida, kwa hiyo unaweza kuing'oa ukaweka nyingine ya ATX. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290, ila mazabodi yake inatumia pini 8 za Dell wenyewe. Bila adapta, pawasaplai ya dukani haiingii. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina mpangilio wake. Asiyetaka usumbufu atafute GTX 1650 isiyo na tundu la kebo ya ziada: inavuta wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe na inaishi na pawasaplai iliyokuja na mashine. Zipo GTX 1650 zenye pini 6, kwa hiyo iangalie kadi yenyewe, si jina lake kwenye boksi.

Adapta ya kutoka SATA (kebo ya umeme wa diski) kwenda pini 8 za kadi ikatae hata ukipewa bure. Kichwa cha SATA kimepimwa kwa wati 54 kwenye 12V. Pini 8 za kadi zina haki ya kudai 150. Plastiki ndiyo itakayolipa.

"Kebo zikiingia, zinafaa"

Pawasaplai zenye kebo za kuchomoa zina mtego ambao hata mafundi wazoefu hunasa. Upande wa mazabodi na diski, kwa mashine za ATX za kawaida, mpangilio wa pini ni kanuni moja duniani. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji ana wake, na wakati mwingine hata toleo kwa toleo la kampuni moja. Kebo ya rafiki yako inaingia vizuri, inabana kabisa, halafu inapeleka 12V mahali diski inapotarajia 5V. Diski inakufa na picha za harusi ya dada. Ukinunua pawasaplai iliyotumika, dai kebo zake zenyewe, zote.

"Feni inazunguka, kwa hiyo ni nzima"

Fundi anachomeka kipande cha waya kati ya waya wa kijani na mweusi kwenye pini 24, feni inazunguka, anasema "hii nzima." Alichothibitisha ni kwamba inawaka. Pima kwa multimita huku mashine ikiwa kwenye gemu: 12V ibaki kati ya 11.4 na 12.6, 5V kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa 12V inasoma 12.1 bila mzigo, halafu inaporomoka hadi 11.2 kadi inapoanza kazi, umeshapata jibu lako.

Ikishindwa kipimo hicho, usiifungue mwenyewe. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti kati ya 320 na 400 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa ukutani. Vumbi lipulizwe kwa nje, mashine ikiwa imechomolewa, na feni ikiwa imezuiwa kwa kijiti isizunguke.