Kijerumani cha Utawala na Udhibiti Kinapoingia Katika Kiingereza

Bunge la Ujerumani, Bundestag, lina chombo kiitwacho Parlamentarisches Kontrollgremium, ambacho kazi yake ni kufuatilia mwenendo wa idara za ujasusi za serikali ya shirikisho. Mfasiri aliyezoea Kiingereza akiliona neno Kontrolle huandika "control" bila kusita, na msomaji wake huelewa kwamba kikundi cha wabunge kimeshika hatamu za majasusi na kinawapangia kazi. Sivyo ilivyo. Wabunge hao hupokea taarifa, huwahoji maofisa, huweza kudai majalada, na huwasilisha ripoti bungeni, lakini maagizo ya kazi hutoka serikalini. Ndiyo maana Bundestag yenyewe, katika Kiingereza chake rasmi, hukiita chombo hicho "Parliamentary Oversight Panel", yaani jopo la uangalizi.

Jambo hili linatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi ya Kijerumani kuhusu dola, sheria na usimamizi hutufikia kwa njia ya Kiingereza. Kosa likifanyika katika hatua ya kwanza, mfasiri wa Kiswahili hulirithi bila kujua, na hulipamba kwa Kiswahili fasaha hata likaonekana kuwa kauli ya mwandishi wa awali.

Neno "control" na neno Kontrolle yana asili moja. Yote mawili yametoka katika Kifaransa, ambako zamani lilikuwapo neno lililomaanisha daftari la pili, lililowekwa ili lilinganishwe na la kwanza na kuhakiki hesabu. Kwa hiyo maana ya mwanzo ni ukaguzi. Katika Kiingereza maana hiyo ilisogea, ikawa zaidi kuamuru na kushika usukani, ilhali Kijerumani kimeendelea kuishikilia ile ya kale: Passkontrolle ni ukaguzi wa pasipoti, na Fahrscheinkontrolle ni ukaguzi wa tiketi ndani ya treni. Hata hivyo mpaka huu si ukuta. Mjerumani ambaye gari lake limemshinda barabarani naye husema amepoteza Kontrolle, na hapo "control" ndilo neno sahihi kabisa. Mfasiri hana budi kuuliza kila mara: anayetajwa hapa anaamuru, au anakagua kazi iliyoamriwa na mwingine? Kiswahili cha serikali ya Tanzania kimezitenga kazi hizi ndani ya cheo kimoja, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kwa Ibara ya 143 ya Katiba anahakikisha kwamba fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa, kisha anakagua jinsi zilivyotumika.

Kuna neno la tatu linalochanganywa na hayo, nalo ni Aufsicht, yaani usimamizi wa kuangalia kutoka juu. Kiingereza hulitafsiri "supervision", na kwa kawaida hakuna ubaya. Ugumu huanza pale sheria ya Kijerumani inapoigawa Aufsicht katika aina mbili. Rechtsaufsicht humruhusu msimamizi kuuliza swali moja tu, kama jambo limefanyika kwa mujibu wa sheria. Fachaufsicht humruhusu kuuliza pia kama jambo hilo lilifaa, hata kama ni halali. Tofauti hii ina uzito wa kikatiba. Kwa Ibara ya 84 ya Katiba ya Ujerumani, majimbo yanapotekeleza sheria za shirikisho kama shughuli zao wenyewe, serikali kuu husimamia uhalali pekee. Kwa Ibara ya 85, yanapotekeleza kwa niaba ya shirikisho, usimamizi hugusa uhalali na ufaafu pia. Mfasiri anayeandika "supervision" katika sehemu zote mbili bila maelezo amefuta mpaka ambao majimbo yanaujali sana. Kwa maoni yangu ni afadhali sentensi irefuke kidogo, ikasema wazi usimamizi huo unahusu nini.

Neno hilohilo limo katika jina la Aufsichtsrat, baraza la usimamizi la kampuni ya hisa. Sheria ya kampuni za hisa ya mwaka 1965 inaipa Vorstand, yaani bodi ya uendeshaji, jukumu la kuiongoza kampuni kwa wajibu wake yenyewe, na inasema waziwazi kwamba kazi za uendeshaji haziwezi kukabidhiwa kwa Aufsichtsrat. Baraza hilo huteua wajumbe wa Vorstand na huweza kuwaondoa, lakini haliketi kwenye kiti chao. Wafasiri wengi huandika "board of directors" kwa chombo kimoja au kingine, na hapo ndipo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hupotea zaidi, kwa kuwa sheria zetu za kampuni zimefuata mfano wa Uingereza wenye bodi moja ya wakurugenzi. "Management board" na "supervisory board" si maneno matamu, lakini yanasema kweli.

Neno lililowasumbua wafasiri kuliko yote ni Herrschaft, na aliyelifanya liwe mzigo ni mwanasosholojia Max Weber. Katika kitabu chake Wirtschaft und Gesellschaft (Uchumi na Jamii), kilichotoka baada ya kifo chake mwaka 1920, Weber anatofautisha Macht na Herrschaft. Macht ni fursa ya mtu kutimiza matakwa yake ndani ya uhusiano wa kijamii hata kama wengine wanapinga, na haijalishi fursa hiyo inatokana na nini. Herrschaft ni jambo jembamba zaidi: ni fursa ya amri fulani kupata utii kwa watu wanaotambulika. Pasipo amri na mtii, hakuna Herrschaft. Kwa Macht Kiingereza kina "power", na mjadala unaishia hapo.

Kwa Herrschaft mjadala haujaisha. Mmarekani Talcott Parsons, katika tafsiri ya mwaka 1947, alikiri kwamba Kiingereza hakina neno linaloridhisha. Kwenye fasili aliandika "imperative control", na kwingineko, utawala unapokubalika kuwa halali, akaandika "authority". Guenther Roth na Claus Wittich, mwaka 1968, walichagua zaidi "domination". Keith Tribe, mwaka 2019, akarudi kwenye neno fupi, "rule". Uchaguzi huu haukuwa wa ladha tu. Anayesoma "authority" humwona Weber akieleza mamlaka ambayo watu wameyaridhia; anayesoma "domination" humwona akifichua ukandamizaji. Weber alitaka yote mawili yakae ndani ya neno moja, kwa sababu swali lake lilikuwa kwa nini watu hutii, iwe kwa kuamini sheria, mila, au karama ya kiongozi. Hapa Kiswahili kina bahati: "utawala" hubeba amri na utii bila kutoa hukumu mapema. Anayemtafsiri Weber kutoka Kiingereza asiandike "ukandamizaji" kwa sababu tu ameona "domination".

Wahandisi wana tatizo lao, ambalo ni jepesi kutatua. Kijerumani hutenga Steuerung na Regelung, na Kiingereza huita yote "control". Taa za barabarani zinazobadilika kwa saa iliyopangwa, magari yawepo yasiwepo, ni Steuerung. Friji inayopima joto lake na kuwasha mota panapohitajika ni Regelung, kwa kuwa matokeo hurudi na kurekebisha kitendo. Kiingereza sahihi ni "open-loop control" na "closed-loop control". Mtego ni kwamba katika sheria Regelung ni kanuni au utaratibu uliowekwa, na Steuer yenyewe, kutegemea jinsia ya neno, ni kodi au usukani.

Mfano wa mwisho uko nyumbani kwetu. Majalada ya Kijerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, yaliyoingizwa mwaka 1997 katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO, yamejaa neno Schutzgebiet, ambalo kwa sehemu zake ni eneo la ulinzi. Kiingereza cha haraka ni "protectorate". Lakini Zanzibar ilipokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, sultani alibaki kwenye kiti chake, angalau kisheria. Bara, hati ya Februari 1885 ya Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani, iliipa kampuni ya Mjerumani Carl Peters madaraka, na tangu Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilitawala moja kwa moja kupitia gavana. Sheria ya mwaka 1886 iliyaita madaraka ya Kaiser Schutzgewalt, nguvu ya ulinzi, ingawa yalikuwa madaraka ya kutunga sheria, kuhukumu na kutoza kodi. Kwa hiyo "colony" hueleza hali halisi vizuri zaidi, na inafaa neno la Kijerumani liachwe kando yake mara ya kwanza ili msomaji aone jinsi watawala walivyopenda kujiita. Bezirksamt, ofisi ya wilaya, ni "district office" bila shida. Residentur, iliyotumika Bukoba, Rwanda na Burundi, ndiyo inayostahili "residency", kwa kuwa huko Wajerumani walitawala kupitia wafalme waliowakuta.