Malkia Jeanne na wanafunzi 70 maskini wa Paris

Wanafunzi wanaotafuta ufadhili huuliza kwanza watapewa kiasi gani. Sisi tunaoshughulika na mifuko ya elimu hutamani waulize pia fedha hizo hutoka wapi kila mwaka. Malkia Jeanne wa Navarre alilijibu swali hilo mwaka 1305, tena vizuri kuliko wafadhili wengi wa leo.

Jeanne alikuwa mke wa Mfalme Philippe IV wa Ufaransa, lakini ufalme mdogo wa Navarre, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na jimbo la Champagne, mashariki mwake, alivirithi kwa baba yake. Mwezi Machi 1305, siku chache kabla ya kufariki, aliandika wasia. Aliweka wakfu jumba lake la Paris pamoja na mapato ya livre 2,000 (livre ilikuwa fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa mwaka kutoka Champagne, ili wanafunzi 70 maskini wapate makazi na posho katika Chuo Kikuu cha Paris. Watekelezaji wa wasia waliliuza jumba, wakanunua kiwanja karibu zaidi na madarasa, kwenye kilima cha Sainte-Geneviève. Hapo ndipo lilipojengwa Collège de Navarre.

Tazama mgawanyo wa nafasi: 20 za sarufi ya Kilatini, 30 za sanaa, yaani mantiki na falsafa, na 20 za teolojia. Padri Robert de Sorbon, mwanzilishi wa chuo cha Sorbonne, alikuwa amekwisha kuwasaidia wanateolojia maskini miaka kama 50 kabla, ila mwanateolojia ni mtu aliyekwisha kuvuka vikwazo vingi. Jeanne alianzia chini, kwa mvulana ambaye bado anajifunza Kilatini, lugha ya masomo yote. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa katika wasia ule. Ufadhili unaongoja hadi ngazi ya juu huwakuta maskini wengi wameshaacha shule.

Posho ililipwa kila wiki: sous 4 kwa wa sarufi, 6 kwa wa sanaa, 8 kwa wa teolojia. Sous 20 zilifanya livre 1. Ukipiga hesabu, wanafunzi wote 70 walihitaji livre 21 kwa wiki, yaani 1,092 kwa mwaka. Mapato ya Champagne yaliitosha posho hiyo, na ziada ikabaki kwa walimu na matengenezo. Mwanafunzi hakulazimika kungoja huruma ya mfalme aliyekuwa madarakani.

Matunda yake yanajulikana. Pierre d'Ailly, mtoto wa mchinja nyama wa Compiègne, alisomea hapo, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris. Mwaka 1395 cheo hicho kilishikwa na Jean Gerson, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto 12 wa familia ya kijijini Champagne, naye pia zao la Navarre.

Wakfu huo ulikuwa na udhaifu mmoja: posho iliandikwa kwa idadi ya sarafu. Philippe IV mwenyewe alipunguza madini ya fedha yaliyomo ndani ya sarafu ili kugharimia vita, na sous 4 hazikununua tena mkate uleule. Mwanazuoni Nicole Oresme, aliyekuwa mwanafunzi wa Collège de Navarre mwaka 1348 na mkuu wake kuanzia 1356, aliandika kwamba sarafu ni mali ya jamii inayoitumia, na mtawala hana haki ya kujipatia faida kwa kuichakachua.