Ngome za mpakani Ureno: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ngome za Ureno zilijengwa na Wareno ili kuwazuia Waislamu." Maneno haya husikika sana, na yamekosea mwanzo na mwisho. Kusini mwa nchi, Waislamu ndio waliotangulia kujenga. Ngome ya Silves yenye mawe mekundu ni kazi yao. Mji wa Faro ulipotekwa mwaka 1249, vita na Waislamu vilikwisha ndani ya Ureno. Adui aliyebaki alikuwa Mkristo mwenzao wa jirani, Castile, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Hispania. Mkataba wa Alcañices wa mwaka 1297 ndio uliochora sehemu kubwa ya mpaka uliopo hadi leo, na ngome nyingi zimepangana kandokando yake.

Dhana nyingine ni kwamba ukuta ukiwa mrefu ndivyo ngome inavyokuwa imara. Ilikuwa hivyo kabla ya mizinga. Ukifika Elvas, mji wa mpakani, utakuta kuta nene zilizojazwa udongo, na pembe zilizochongoka zikitokeza nje kama ncha za nyota. Hilo si pambo. Askari aliye kwenye pembe moja anaona uso wote wa ukuta wa jirani yake, kwa hiyo adui anayesogea hapati pa kujibanza hata chini kabisa ya ukuta.

Aliyewahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa ataitambua hesabu hiyo mara moja. Ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, wakati Ureno yenyewe ikiwa chini ya mfalme wa Hispania. Wareno walipoasi mwaka 1640, walianza kuizungushia Elvas kuta mpya wakijihami dhidi ya Hispania hiyohiyo, na aliyezichora ni padri Mjesuiti kutoka Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), Cosmander. Tarehe 14 Januari 1659 jeshi la Hispania lililouzingira mji lilishindwa hapo nje. Kwangu mimi hakuna mji wa mpakani unaoufikia huu, na tangu 2012 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Wapo pia wanaoamini kwamba ngome huangushwa na adui tu. Almeida, mji mwingine wa mpakani, ina ngome ya nyota ya pembe kumi na mbili, lakini Wafaransa walipoizingira mwaka 1810, ghala la baruti lililokuwa ndani ya kasri la kale lililipuka tarehe 26 Agosti. Mamia walikufa, na muda mfupi baadaye ngome ikasalimu amri. Kuta za nje zilikuwa bado zimesimama.

Si kila jiwe ni la kale, vilevile. Sehemu kubwa ya kuta za kasri la São Jorge, Lisbon, ilijengwa upya kati ya 1938 na 1940.

Kwa msafiri: huhitaji viza nyingine kuvuka kutoka Elvas hadi Badajoz, upande wa Hispania. Viza ya kawaida ya Schengen inatosha kote kuwili, na ukaguzi wa mpakani uliondolewa mwaka 1995. Pasipoti chukua hata hivyo. Na ukipita mji wa Óbidos wenye kuta na una watoto, washike mkono juu ya ukuta, kwani njia ni nyembamba na upande wa ndani hauna kizuizi.