Yoga kwa Wanafunzi Wadogo: Akichechemea, Usimchue

Yoga ni nini hasa?

Ni mazoezi ya kunyoosha viungo, kujisimamisha bila kuyumba na kupumua taratibu. Asili yake ni India. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji mkeka usioteleza, nafasi ya kunyoosha mikono na mwalimu anayemwangalia.

Si ibada ya watu wengine?

Chimbuko lake limo katika dini za India, na mzazi ana haki ya kumuuliza mwalimu anachofundisha. Shuleni viungo na pumzi vinatosha; hakuna haja ya kutamka chochote.

Akifanya yoga kila siku, inatosha?

Haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kuhemesha. Yoga nyingi ya watoto ni nyepesi kuliko hapo. Mchakamchaka, rede, kamba na mpira vibaki. Walimu, tafadhali msifute mapumziko ya kucheza kwa sababu watoto wamenyoosha mikono darasani.

Mwanangu hafiki vidole vya miguu. Nimsukume mgongo kidogo?

Hapana. Usimsukume, usimvute, usimkalie. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambako mfupa unakulia, na huko ndiko anakoumia kirahisi. Aishie pale anapohisi kuvutika, kabla ya maumivu. Akisimama kwa mguu mmoja kama mti, unyayo wa pili ukae kwenye kigimbi au paja, usigandamize goti. Kusimama kwa kichwa kusiwepo kabisa kwa wadogo hawa. Shingo ndiyo inayobeba.

Jana alifanya mazoezi, leo anachechemea. Nimchue?

Hapana. Misuli ikiuma kidogo miguu yote miwili, naye anakimbia kama kawaida, mwache apumzike siku moja au mbili. Lakini akichechemea, akikataa kukanyaga, akiumwa mahali pamoja, akivimba au akiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi yake ni fundi wa kuchua. Tusijaribu kwanza?

Msijaribu. Mikono ya bibi haiwezi kujua kama mfupa umevunjika, na ukiwa umevunjika, kuchua kunausogeza. Mtoto wa miaka saba aliletwa kwangu hospitalini siku ya tisa. Goti liling'aa kwa mafuta ya nazi, ngozi ilikuwa na moto, na kila nilipokaribisha mkono alishika shuka kwa meno. Nyumbani walisema ametegukia kwenye mazoezi. Kumbe ulikuwa usaha ndani ya mfupa, juu kidogo ya goti. Siku zile tisa za maji ya moto na kuchuliwa ndizo alizohitaji dawa. Ugonjwa huu ukicheleweshwa huharibu mfupa na unaweza kumwacha mtoto na kilema cha maisha.

Na tukisubiri hadi Jumatatu?

Msisubiri. Homa na kuchechemea vikikutana, hata saa nane usiku mtoto apelekwe.

Labda ni maumivu ya kukua tu?

Hayo huja jioni au usiku, kwa miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anaamka anacheza. Anayeamka anachechemea hana maumivu ya kukua. Naomba neno hili lisitumike tena kumbakiza mtoto nyumbani.

Njiani tufanye nini?

Mguu usisogezwe. Uegemezeni kwenye kipande cha boksi gumu, muufunge kwa khanga bila kukaza. Hakuna maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna antibayotiki zilizobaki kabatini. Na kama ameshachuliwa, semeni mara mfikapo: lini, mara ngapi, na kwa dawa gani. Hatutawagombeza. Tunahitaji kujua tuanzie wapi.