Kabla hujawaambia "semeni yote": saikolojia na kazi ya kupatanisha jamii

Ukihudhuria mikutano ya upatanisho huku kwetu Maziwa Makuu, hutakosa kusikia mwezeshaji akisema, "Semeni yote, msibaki na kitu moyoni." Mimi ni mwanasaikolojia mshauri. Nimefanya kazi mkoani Kigoma na wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuiogopa kauli hiyo. Ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba maneno yaleyale yanayopatanisha kijiji yanaweza kumwumiza mtu mmoja mmoja ndani ya kijiji hicho, na mwezeshaji asiyelijua hilo huwaacha watu na vidonda vibichi, akapanda gari akaondoka.

Chukua Sierra Leone. Vita vya huko vilidumu kuanzia 1991 hadi 2002, na waliokatana mikono na kuchomeana nyumba mara nyingi walikuwa majirani. Baadaye shirika la Fambul Tok lilianza kupita vijijini kuandaa vikao vya usiku: moto unawashwa, aliyeumizwa anasimama kueleza aliyotendewa, aliyetenda anakiri na kuomba msamaha mbele ya wote, na baada ya hapo hufanyika matambiko ya kutakasa kijiji. Watafiti walivifuatilia vijiji 200, wakachagua kwa bahati nasibu vipi vipate vikao mapema na vipi vingoje, kisha wakalinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science. Vijiji vilivyopata vikao vilisameheana zaidi, watu wake wakaaminiana, wakaongeza marafiki, wakachangia zaidi shughuli za pamoja. Lakini watu haohao walikuwa na sonona zaidi, wasiwasi zaidi, na dalili nyingi zaidi za kiwewe kuliko watu wa vijiji vilivyokuwa vinangoja. Wala halikuwa jambo la wiki mbili: karibu miaka mitatu baadaye hali ilikuwa ileile.

Nilipousoma utafiti ule kwa mara ya kwanza niliumia, kwa sababu niliwaona watu wangu ndani yake. Kijiji kilipata amani, na gharama yake wakailipa watu wake mmoja mmoja. Mama aliyeeleza mbele ya umati jinsi mwanawe alivyouawa alirudi nyumbani na picha zote zimefufuka, na kesho yake hakukuwa na mtu aliyetumwa kumwuliza ameamkaje. Katika chumba cha ushauri hatufanyi hivyo. Mtu aliyejeruhiwa vibaya hufunguliwa kumbukumbu zake polepole, anairudia hadithi yake mara kadhaa akiwa na mtu aliyefunzwa, mpaka hofu ipungue makali. Kuifungua mara moja tu, hadharani, kisha kumwacha hivyo, ni kumwamshia hofu bila kumpa muda wa kuitua.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania ardhi mpaka vikapigana, huku kijana Shema na binti Batamuriza wakipendana kutoka pande mbili. Kabila halitajwi, lakini kila msikilizaji anaelewa kwamba wanaozungumziwa ni Wahutu na Watutsi. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja, akiwalinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa redio uliohusu afya. Imani za watu mioyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo juu ya wenzao: kumbe majirani wanakubali ndoa za mchanganyiko, kumbe inaruhusiwa kupinga jambo waziwazi. Na matendo yakafuata. Vikundi vilipopewa redio ya kaseti na betri na kutakiwa viamue vitavitunzaje, waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi na wakaamini zaidi kwamba kikundi kizima kinaweza kushirikiana kuvitumia.

Hapa ndipo naona mchango mkubwa wa fani yetu. Wengi wetu hudhani amani inaanza kwa kumbadilisha mtu anachoamini, ndiyo maana tunahubiri. Lakini binadamu hutazama kwanza wenzake wanaruhusu nini. Mtu anaweza kubaki na chuki yake na bado asishike panga, kwa kuwa anajua mtaa mzima utamgeuka. Kinyume chake kinatisha zaidi: asiye na chuki yoyote huweza kulishika, akidhani wote wamekwisha kukubaliana.

Basi wazo hilo la mchezo wa redio likavuka mpaka kuingia Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa Kiswahili, kwa mchezo ulioitwa Kumbuka Kesho. Safari hii, katika baadhi ya maeneo, baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane wao kwa wao. Ni kweli walijadiliana. Lakini waliopata kipindi hicho cha nyongeza walizidi kutovumiliana, wakazungumzia zaidi malalamiko yao, na walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangewagawia watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu kutoa kuliko waliosikia mchezo peke yake.

Kwa maoni yangu jambo hilo halina ajabu. Rwanda wakati ule vita vilikuwa vimekwisha na watu walisikiliza pamoja, wakionana nyuso. Kivu bunduki zilikuwa bado zinalia. Mtu aliyepoteza shamba mwezi uliopita, ukimwambia ajadili, atajadili shamba lake na aliyemnyang'anya, na atamwambia jirani anayefikiri kama yeye. Hakuna mzee wa kumwambia "hapo umefika, rudi."

Mila zetu zinalijua hili vizuri kuliko miongozo mingi ya miradi. Tanzania tuna utani wa makabila: mtani anaweza kuja msibani akasema maneno ambayo mwingine angepigwa kwa kuyatamka, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini nani amtanie nani, wapi, na mpaka wapi, vyote vimewekewa mipaka. Burundi, bashingantahe, yaani wazee wanaoheshimiwa kwa kusuluhisha migogoro, hawamwachii kila mtu aropoke. Neno hutolewa kwa zamu, na anayelisikiliza ana heshima ya kulibeba. Mwanasaikolojia anayefika katika jamii bila kuuliza kanuni kama hizi atapanda juu ya kazi ambayo tayari ilikuwa inafanyika.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika ukanda huu ilianza Byumba, kaskazini mwa Rwanda, mwaka 2005, chini ya kanisa la Anglikana la huko. Ni tiba ya vikundi, inayojulikana kwa jina la Mvura Nkuvure. Watu kati ya kumi na kumi na watano hukutana mara moja kwa wiki, kwa takriban saa tatu, wiki kumi na tano. Wanaoongoza ni wenyeji waliofunzwa: walimu, watu wa kanisa, wakulima. Katika kikundi kimoja unaweza kumkuta mjane wa mauaji ya kimbari na mke wa mfungwa. Wanaanza na usalama. Halafu kuaminiana, kutunzana, heshima, kanuni mpya za kuishi. Kumbukumbu za yaliyotokea zina awamu yao, nayo ni ya mwisho. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba hali ya akili ya washiriki iliimarika kuliko ya wasioshiriki, na miezi minane baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Tazama mpangilio huo. Sierra Leone kumbukumbu zilifunguliwa mara moja, hadharani, mbele ya kijiji. Byumba wanatumia wiki nyingi wakijifunza kwanza kukaa pamoja: kuja kwa wakati, kutokatizana, kumtembelea mwenzao akiugua. Anayefika kwenye kumbukumbu ana watu wasiopungua kumi wanaojua nyumbani kwake.

Kwa hiyo ninapoombwa kupitia andiko la mradi wa upatanisho, naenda moja kwa moja kwenye bajeti. Nikikuta fedha za turubai, vipaza sauti, chakula na posho za siku ya kikao, na sikuti chochote cha miezi mitatu inayofuata, nalirudisha. Naomba waongeze wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawili kwa kila kijiji, wafunzwe kutambua asiyelala, asiyekula, aliyeacha kwenda shambani, na wapewe nauli ya kumfikia kila aliyesimama kusema. Wafadhili wengine hulalamika kwamba tarehe ya kikao imesogea mbele. Isogee.