Kasi ya kupaa: ndege ya abiria inaacha ardhi ikiwa na spidi gani?

Ndege nyingi za abiria za injini za jeti huacha ardhi zikiwa kati ya kilomita 240 na 290 kwa saa. Boeing 737 na Airbus A320 huwa kwenye 250 hivi, na Boeing 747 iliyoshiba mzigo huweza kuzidi 290. Ile 900 inayotajwa sana vijiweni ni kasi ya huko juu, kilomita kumi na ushee angani. Lakini 250 nayo si haba. Basi la Arusha kwenda Moshi haliruhusiwi kuzidi 80. Ndege hufikia mara tatu ya kasi hiyo ndani ya sekunde 30 hadi 40 tangu breki ziachiwe.

Namba hiyo haijagongwa muhuri kiwandani. Ni kasi inayoyawezesha mabawa kuubeba uzito wa siku hiyo, na hupimwa dhidi ya hewa, si dhidi ya lami. Upepo wa kilomita 30 ukivuma usoni, ndege inayohitaji 260 itainuka huku matairi yakikimbia 230 tu. Ndiyo maana hupaa ikiukabili upepo. Njia ya kurukia ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulio kati ya Arusha na Moshi, imelala mashariki–magharibi. Upepo ukitoka upande wa Moshi, ndege itakimbia kuelekea Moshi hata kama safari yenyewe ni ya magharibi.

Kuhusu uzito, Arusha tuna mfano mzuri. Desemba 2013, Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kwenda KIA ilitua kimakosa Kisongo, kwenye kiwanja cha ndege ndogo, ikaishia kwenye nyasi. Njia ya KIA ina mita 3,600 hivi. Ya Kisongo wakati ule ilikuwa na 1,600 na kidogo. Itatokaje? Abiria walishushwa, na siku chache baadaye ndege ikapaa kutoka hapohapo, ikiwa nyepesi.

Hakuna mwujiza. Ndege ya aina hiyo ikijaa hufika tani 180 na zaidi. Ikiwa haina abiria, mizigo wala mafuta mengi, ni kama nusu ya hapo. Nguvu ya mabawa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo uzito ukipungua nusu, kasi inayotakiwa hushuka kwa asilimia 30 hivi, tuseme kutoka 280 hadi 200. Unaweza kuona hilo si kubwa. Ila injini ni zilezile na mzigo ni nusu, hivyo ndege huchapuka mara mbili zaidi. Ukiyaweka pamoja, urefu wa njia unaohitajika hubaki karibu robo. Hii ni hesabu ya karatasi tu. Marubani hutumia majedwali ya mtengenezaji na kuongeza akiba ya usalama.

Majedwali hayo huwapa kasi tatu kabla ya kila safari. V1 ni mwisho wa kujiuliza: ikishapitwa, hata injini moja ikizimika, ndege inapaa, kwa sababu njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. VR ni pale rubani anapovuta usukani pua inyanyuke. V2 ni kasi salama ya kupandia injini moja ikiwa imekufa.

Halafu kuna mwinuko. KIA iko karibu mita 890 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile hewa yake ni nyepesi kwa asilimia kumi hivi kuliko ya pwani. Kipimo cha rubani husoma msukumo wa hewa, kwa hiyo humwonyesha namba ileile ambayo angeiona Dar es Salaam. Kumbe kasi halisi imezidi kwa kama asilimia tano. Jua la mchana huongeza tena, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Matairi yana kikomo chake pia, kwa ndege nyingi kubwa kama kilomita 360 kwa saa.

Kwa hiyo ukiwasha simu dirishani ikupimie spidi kwa setilaiti, usishangae ikitofautiana na namba ya rubani: simu inapima ardhi, yeye anapima hewa.