Je, wajua kwanini mtu akiacha tramadol ghafla anaumwa kama ana malaria?

Shemeji yangu alivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na vidonge vya tramadol vya kutuliza maumivu. Akavimeza kama miezi mitatu hivi, vikiisha anaenda kuongezewa. Ijumaa moja vikaisha akasema aah, mguu si umeshapona, vya nini tena. Jumamosi jioni anapiga miayo mfululizo, makamasi yanatiririka, machozi yanamtoka na wala halii. Jumapili ndo balaa: jasho, vinyweleo vimesimama, tumbo linaendesha, miguu haitulii kitandani, usingizi hamna, na mguu uliopona unauma upya. Sisi wote tukajua malaria hiyo. Akapimwa, hamna kitu. Nesi mmoja mtu mzima ndo akamuuliza, "Ulikuwa unameza dawa gani, na umeacha lini?"

Hiyo kitu, kuumwa kwa sababu umeacha dawa mwili uliyoizoea, mtaani tunaiita arosto, na wengi tunadhani ni ya mateja wa unga peke yao. Sio kweli. Heroini, mofini, kodeini na tramadol zote zinaingilia mlango mmoja mwilini, na mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya dawa. Mwaka 1975 watafiti wawili waliokuwa Aberdeen, Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz, walitangaza kwamba ubongo wenyewe unatengeneza vitu vya kutuliza maumivu vinavyopita hapohapo. Kwahiyo ukimeza tramadol kwa wiki nyingi mwili unazoea, uwe mlevi uwe mcha Mungu, cheti cha daktari unacho au huna. Kuzoea huko na uteja (kuitafuta dawa hata inapokuharibia maisha) ni vitu viwili tofauti, hapa watu wanachanganya sana.

Sasa kwanini unaumwa? Kumbuka mchezo wa kuvuta kamba shuleni. Dawa inavuta upande wake: maumivu yapungue, mwili utulie, utumbo utembee polepole (ndo maana wanaotumia hizi dawa choo kinakuwa kigumu balaa). Mwili nao haukubali kuvutwa hivihivi, kila siku unaongeza watu upande wa pili. Chini kabisa ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli kinachomwaga noradrenalini, ile kemikali inayofanya moyo ukudunde ukikutana na mbwa mkali usiku. Dawa inazibana hizo seli, zenyewe zinajiongezea nguvu ili kazi iendelee. Baada ya muda kamba imesimama, haiendi huku wala kule, unajiona mzima kabisa. Ukiacha ghafla ni kama upande wa dawa umeachia kamba, na wale wa upande wa pili wanaanguka chali. Utumbo uliokuwa umesinzia unakimbia, mboni za macho zilizokuwa ndogo zinapanuka, moyo unaenda mbio, na maumivu yanarudi kwa hasira. Hapo ndo wengi wananaswa, wanasema ugonjwa umerudi, wanameza tena, nafuu inakuja baada ya muda mfupi, basi wanaamini hawawezi kuishi bila kidonge.

Tramadol ina vurugu yake ya ziada. Hii dawa ya Wajerumani iliyoingia sokoni 1977 inachezea pia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kama zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona, kwahiyo kuna watu wakiiacha wanapata wasiwasi mkali, wanahisi kama umeme unapita kichwani, wachache wanaona vitu ambavyo havipo. Familia isiyojua inampeleka kwa mganga.

Kwa dawa ambazo nguvu yake haikai sana mwilini, arosto inaanza saa 8 mpaka 24 baada ya dozi ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndo mbaya zaidi, na kwa wengi inakatika ndani ya siku 4 hadi 10. Usingizi mbovu na roho kuwa chini vinaweza kukaa wiki kadhaa.

Dawa yake ni kuachia kamba taratibu. Mwongozo wa 2022 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unasema aliyetumia mwaka au zaidi anaweza kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au hata polepole zaidi, na daktari wako ndo apange, sio wewe na wembe mnakata vidonge jikoni. Kuna klonidini, dawa ya presha, inayozituliza zile seli, lakini inashusha presha kwahiyo usijipe mwenyewe. Aliyezidiwa kabisa kuna methadoni, dawa ya kundi hilohilo inayotolewa kliniki badala ya ile aliyoizoea, hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa 2011. Nyumbani ni maji ya ORS maana kuharisha na kutapika ndo vinaangusha watu, uji, maji ya moto ya kuoga, na mtu wa kukaa naye usiku. Mjamzito asiache ghafla kabisa, mimba inaweza kutoka. Na ukishakaa siku kadhaa bila dawa usirudie dozi yako ya zamani, mwili umeshasahau, pumzi inaweza kukata usingizini.

Daktari alimrudishia shemeji dozi ndogo, wakashuka kidogo kidogo karibu miezi miwili, kila siku anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho nikamuuliza mguu vipi. Akaupiga kofi, akacheka. Hauumi.